Kituo cha Yatima wa Rumangabo: Ni Nani Waliokisimamisha?



Kwenye kikao chetu cha historia, kijana mmoja wa Kiwanja aliuliza swali ambalo siku ile halikupata jibu: "Kwa nini gorila walipandishwa helikopta ya Umoja wa Mataifa, na sisi tulikuja kwa miguu?" Watu walicheka. Halafu wakanyamaza. Wengi wetu tulivuka Bunagana mwaka 2012 tukiwa watoto, godoro kichwani kwa mama, na helikopta tulizoziona zilikuwa za vita.

Tukakubaliana tulichimbe hilo swali mpaka chini. Tulichokuta ni kwamba hadithi ya gorila wa kwetu huwa inasimuliwa na watu wawili tu: mzungu mwenye kamera na gorila mwenyewe. Katikati kuna watu wa Rutshuru na Nyiragongo ambao hawatajwi, na bila hao kile kituo cha yatima pale Rumangabo kisingefika hata mwaka wa pili.

Kwa wale waliozaliwa huku: Rumangabo iko kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, kama kilomita 45 kutoka Goma. Kuna kambi kubwa ya jeshi, na kando yake makao makuu ya Parki ya Virunga. Hapo ndipo kilipo Kituo cha Senkwekwe, mahali pa pekee duniani panapolea gorila wa milimani walioachwa yatima. Kizungu wanasema gorila, sisi nyumbani tunasema ngagi.

Lakini tuseme ukweli kwanza. Parki haikuanza kwa mapenzi ya wananchi. Wabeljiji waliianzisha mwaka 1925 wakaiita kwa jina la mfalme wao, Albert, na walipoipanua miaka iliyofuata ardhi za watu zilimezwa ndani. Mpaka leo ukikaa na mzee wa Rutshuru atakuonyesha kwa kidole: mpaka wa parki ulikuwa kule, sasa uko hapa. Kwa hiyo mtu akikuambia wakazi wa huko walipenda wanyama tangu zamani, anakupamba tu. Wengi waliiona parki kama jirani mwenye bunduki.

Halafu ikaja 1994. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia kutoka Rwanda na kuwekwa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, kambi zilizokuwa pembeni kabisa ya msitu. Waligawiwa mahindi na maharagwe makavu. Sisi tunaokula mgao tunajua maharagwe hayaivi kwa maneno, yanataka kuni saa nyingi. Msitu ukakatwa, na mwaka huo huo UNESCO ikaiweka Virunga kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Vitabu vingi vinaandika "wakimbizi waliharibu msitu" na kuishia hapo. Hawaandiki nani alichagua sehemu ya kuweka kambi, na nani alileta maharagwe bila kuleta kuni. Tunalitaja hili kwa sababu hata hapa Uganda tunasikia maneno yale yale kuhusu miti.

Baada ya kambi kufungwa, makala (ndivyo tunavyoita makaa ya kupikia) yakabaki kuwa biashara kubwa. Goma nzima inapika kwa makala, na mengi yalitoka ndani ya parki. Pesa zilikuwa nyingi, na kwenye pesa hizo walikuwepo waasi, wanajeshi na watu wenye vyeo. Mlinzi wa parki aliyejaribu kuzuia malori alikuwa anacheza na maisha yake.

Hapo ndipo tunafika 2007. Mwezi wa 6 gorila jike alikutwa amepigwa risasi, na mtoto wake wa miezi miwili bado amemshika mama aliyekufa. Huyo mtoto akaitwa Ndakasi. Tarehe 22 mwezi wa 7 ikawa mbaya zaidi: familia ya Rugendo ilishambuliwa usiku, na miili ya kwanza kupatikana ilikuwa ya majike watatu na ya dume mkubwa, Senkwekwe mwenyewe. Hawakuchukuliwa nyama wala mikono ya kuuza. Waliuawa na kuachwa pale pale. Walinzi wengi walielewa kwamba huo ulikuwa ujumbe kwao, waache biashara ya makala iendelee. Mwaka uliofuata mmoja wa wakubwa wa parki wa kipindi hicho alikamatwa akituhumiwa kuhusika.

Picha ya siku zile mmeiona. Ilipigwa na Brent Stirton, ikazunguka dunia nzima na kupata tuzo. Senkwekwe amefungwa juu ya miti, mikono imetanuka, na wanaume wengi wamembeba begani wakipita kwenye majani. Dunia ilimwangalia gorila. Sisi tulipoichapisha na kuibandika ukutani tuliwaangalia wanaume. Dume kama yule ana kilo zaidi ya 200. Kumshusha kutoka mlimani, kwenye njia za udongo na mizizi, inabidi watu wapokezane mabega. Baadhi ni walinzi wenye sare, lakini wengi wana mashati ya kawaida ya shambani. Ni wanakijiji. Hawakuwa na mshahara wa parki, na wengine bila shaka walikuwa na ugomvi na hiyo parki kwa sababu ya shamba. Bado walikata miti, wakafunga kamba, wakabeba. Makaburi ya gorila yako Rumangabo mpaka leo.

Tuliulizana kwa nini walibeba. Mama mmoja tunayeishi naye blok moja, mwenye asili ya huko, alitujibu kama anatushangaa: "Kitu kikifia kwenu hamkiachi kioze njiani." Basi. Alitaka turudi kumenya mihogo.

Miili ilipozikwa wakabaki watoto. Wa kwanza Ndakasi, na wa pili Ndeze, ambaye mama yake alikufa katika lile shambulio la mwezi wa 7. Hakukuwa na kituo. Wakapelekwa Goma, kwenye nyumba ya kawaida ndani ya mji, na huko walinzi wakawa mama. Usiku wa kwanza André Bauma, mlinzi wa parki, alimlaza Ndakasi kifuani kwake ili apate joto, kwa sababu mtoto alikuwa dhaifu na hakuna aliyekuwa na uhakika kama kutakucha akiwa hai. Huku kwetu mtu wa namna hiyo tungemwita Papa André, na nadhani hata gorila wangemwita hivyo kama wangekuwa na mdomo wa kusema.

Kulea gorila mchanga sio kazi ya mchana. Anataka kubebwa mgongoni, anataka maziwa kwenye chupa, analala na mtu, na akiamka asikuone analia. Anaweza kufa kwa upweke tu. Tena mafua yako wewe yanaweza kumuua, kwa hiyo walezi walivaa barakoa miaka mingi kabla sisi hatujazijua wakati wa korona, na ukikohoa hukaribii. Maana yake mlezi anaishi na gorila, na watoto wake mwenyewe wanamwona kwa zamu.

Mwezi wa 10 mwaka 2008, CNDP ya Nkunda ilichukua Rumangabo. Walinzi walikimbia kupitia msituni, wengine walitembea siku kadhaa bila chakula mpaka Goma. Walipofika walikuwa nini? Walikuwa watu waliohama makazi, kama sisi. Wao na familia zao waliishi kwenye mahema pembeni ya mji, wakingoja mgao. Na mtu ambaye usiku amelala kwenye hema linalovuja, asubuhi anavaa sare na kwenda kazini. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, hii sehemu tunaomba muisome mara mbili. Kwenye fomu zenu kuna kisanduku cha "anayesaidiwa" na kisanduku cha "anayesaidia". Wale watu wangejaza kipi?

Mwezi wa 11 mkuu mpya wa parki, Emmanuel de Merode, alizungumza na waasi ili walinzi waruhusiwe kurudi kazini, nao wakarudi. Mwisho wa 2009 kituo kilikuwa tayari: uzio, nyumba ya kulala, na kipande cha msitu kama hekta moja. Kikapewa jina la Senkwekwe. Ndakasi na Ndeze wakahamia pale. Baadaye wakaja Maisha na Kaboko, wote wawili wakiwa wamepitia mikono ya majangili. Jina la Kaboko mtu wa Rutshuru halimpi shida, ni mkono mdogo. Alinaswa kwenye mtego wa waya na mkono mmoja ulibidi ukatwe.

Kituo kama hicho kinakula. Gorila mkubwa anamaliza kilo nyingi za majani kwa siku: majani ya porini, machipukizi ya mianzi, matunda, mboga. Hayo hayatoki kwa ndege. Yanakatwa msituni na kubebwa kichwani, na mengine yanatoka mashambani na sokoni. Mlinzi wa geti, mpishi, mfua nguo, fundi wa uzio, wote ni watu wa pale pale. Hatutaki kudanganya kwamba walifanya bure. Walilipwa, waliolipwa, na kwa mtu wa Rumangabo mshahara wa kila mwezi ni kitu adimu. Lakini mshahara haumzuii mtu kukimbia bomu likianguka, na mwaka 2012 mabomu yalianguka.

Mwaka huo ndio wetu. M23 ilichukua Bunagana mwanzoni mwa mwezi wa 7, na siku chache baadaye ikawa Rutshuru, kisha Rumangabo. Sisi tulikuwa kwenye ile foleni ya kwenda Kisoro, tukalala Nyakabande, halafu tukapakiwa malori kuja Rwamwanja, kambi iliyokuwa imefunguliwa tena miezi michache kabla kwa ajili ya Wakongomani. Siku hizo hizo, upande wa pili wa mlima, familia za walinzi zilikuwa zinahamishiwa Goma. Milio ya silaha kubwa ilikuwa inapita juu ya kituo, na gorila hawawezi kukimbia kwa sababu wako ndani ya uzio. Bauma na wenzake wachache wakabaki nao.

Kaboko alikufa mwaka huo. Aliugua wakati vita viko karibu, gorila wote walikuwa na hofu ya ile milio, na msaada wa kutosha haukuwezekana. Filamu iitwayo Virunga, ya mwaka 2014, inaonyesha siku zile. Tuliitazama kwenye simu moja, watu saba. Wengine tulitoka nje kabla haijaisha, na sio kwa sababu ya gorila. Ni ile barabara. Tuliijua kila kona.

Tunataka kukaa hapa kidogo maana ndipo ugomvi wetu ulipo. Baadhi ya wenzetu wanasema: mtu anabaki na mnyama wakati wananchi wanakufa, huo ni wazimu wa kufundishwa na wazungu. Wengine tunasema hapana. Bauma hakuchagua gorila badala ya watu. Hakukuwa na mtu ambaye angepona kama yeye angeondoka, ila walikuwepo yatima watatu au wanne ambao wangekufa kwa njaa ndani ya uzio. Alikuwa na kazi mbele yake akaifanya. Mama zetu pia hawakuchagua, walishika mtoto aliyekuwa karibu. Kikao hakikumaliza huo ubishi, na sisi tunaoandika hapa tuko upande wa Bauma, msitusome kama waamuzi.

Sasa helikopta. Tumeuliza na kusoma, na yule kijana hakukosea: ni kweli mwaka 2010 helikopta za Umoja wa Mataifa zilibeba gorila. Ila hawakupelekwa Rumangabo. Walikuwa gorila wa aina nyingine, wale wa Grauer, na walipelekwa Kasugho kule Lubero, kwa sababu barabara ni ndefu na mbaya mno. Na Kasugho historia ni tofauti kabisa na ya parki. Kule machifu wa Batangi na Bamate wenyewe, mwisho wa miaka ya 1990, walikubaliana kutenga msitu wao wa Tayna ulindwe, kabla serikali haijautambua rasmi mwaka 2006. Hakuna Mbeljiji aliyechora mpaka. Kituo cha yatima kikajengwa kule, karibu na watu waliokuwa wameshasema msitu ni wao. Mtu mmoja kikaoni akasema, "Kwa hiyo pale ni gorila ndio wageni wa wananchi." Tulipenda hiyo. Lakini jibu la swali lenyewe, kwa nini kulikuwa na helikopta ya gorila na hakuna ya mama mwenye mimba pale Bunagana, hatukulipata kwenye kitabu chochote. Kama kuna mfanyakazi wa shirika anayeweza kulijibu bila kuzunguka, aje, kiti kipo.

Rumangabo nako watu walibadilika polepole, na nadhani sababu kubwa ni wafiwa. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakilinda Virunga katika miaka ya vita. Wengi wao ni watoto wa vijiji vya hapo. Mlinzi akifa anaacha mjane kijijini, na kila kijiji kikiwa na mjane wa parki, parki inaacha kuwa jirani wa mbali. Pale makao makuu kulifunguliwa karakana ya cherehani ya wajane. Wanashona sare, na wanashona vidoli vya gorila vya kuuzwa kwa wageni. Ukifikiria sana inaumiza: mume amekufa akilinda gorila, na mke analisha watoto kwa kushona gorila. Lakini mama wanaojua cherehani hapa kwetu walipoona picha hawakusikitika. Waliuliza mshono wa masikio unafanywaje na kitambaa kinatoka wapi.

Tarehe 24 mwezi wa 4, 2020, karibu na Rumangabo, walinzi waliokuwa wakirudi makao makuu walikuta raia wanashambuliwa barabarani. Walikufa walinzi 12, dereva wao na wananchi 4. Wale hawakufa kwa ajili ya gorila. Walikufa kwa ajili ya watu waliokuwa kwenye gari. Hili tuliliweka mezani kwa wale wanaosema walinzi hawajali wananchi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha.

Na gorila wenyewe? Kwenye milima ya Virunga, ukijumlisha Kongo, Rwanda na Uganda, walihesabiwa 480 mwaka 2010, na hesabu ya 2015 na 2016 ikawapata 604. Wameongezeka katikati ya vita. Kituoni aliletwa mwingine mwaka 2013, aliyekutwa peke yake kwenye shamba la mahindi nje ya parki. Akapewa jina Matabishi, yaani nyongeza, kama ile unayopewa sokoni baada ya kununua. Ndakasi na Ndeze wakawa maarufu mwaka 2019 kwa ile picha ya simu ambayo wamesimama wima nyuma ya mlinzi kama wanasubiri zamu ya kupiga pasipoti. Halafu Ndakasi akaugua muda mrefu, na jioni ya tarehe 26 mwezi wa 9, 2021, akafa mikononi mwa Bauma, kichwa kifuani kwake, akiwa na miaka 14. Magazeti ya dunia nzima yaliandika. Mlezi wake alitajwa kwa jina, na tulifurahi kuona jina la Mkongomani limeandikwa vizuri bila kukosewa.

Lakini wale wa 2007 waliobeba miti begani hawana majina popote. Tumetafuta chini ya ile picha: imeandikwa jina la mpiga picha na jina la gorila. Basi tumeanza daftari. Kama baba yako, mjomba wako au mzee wa blok yenu alikuwa kwenye msafara ule, au alikuwa mlezi, mkata majani au fundi wa uzio pale Rumangabo, tuletee jina lake na kijiji chake. Asiyetaka jina lake litoke hadharani tutaandika kijiji peke yake. Daftari linakuwa pale tunaposomea kila Jumamosi baada ya saa nane. Mpaka sasa lina majina matatu, na wawili kati yao wanaishi hapa hapa Rwamwanja, mmoja anauza samaki wakavu na hajawahi kumwambia mtu.